Wagonjwa wa nyonga waelezwe dawa zao





Siku hizi Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, MOI, hubadilisha nyonga hapa hapa nchini. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini huku vijijini, mgonjwa anayengoja zamu yake huishi kwa diklofenaki ya dukani, miezi nenda miezi rudi. Dawa hiyo huweza kuchubua tumbo na kuumiza figo, tena huzuia damu kuganda upesi. Ndiyo maana daktari huagiza iachwe siku kadhaa kabla ya upasuaji. Nani amemweleza haya mzee wa kijijini? Mwenye duka yeye anahesabu vidonge tu.

Akishapasuliwa, yule yule aliyemeza vidonge ovyo sasa anavikataa, eti mwanamume huvumilia! Kwa maumivu hayo hasimami wala hafanyi mazoezi, na damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu uliolala. Dawa inywewe kwa saa zake, isingojwe mpaka maumivu yapande.

Naiomba Wizara ya Afya itoe karatasi ya Kiswahili chepesi: dawa ipi iachwe lini, ipi inywewe saa ngapi, isizidi vidonge vingapi kwa siku. Mgonjwa apewe siku ile ile anapopangiwa tarehe. Asiyejua kusoma, sisi walimu tupo, tutamsomea.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Namtumbo, Ruvuma.