Hodi kwa jirani



Tulipeleka nguo za harusi Mgwashi, huko milimani Lushoto. Mama wa bi harusi alikuwa mgonjwa kitandani, na aliyekuwa akimwogesha na kumfulia ni jirani, mama wa Kilutheri. Hakumhubiria neno. Alituambia tu: utakatifu wa Jumapili usipovuka ua, ni nguo ya kuvalia kanisani.

Walutheri wa Usambara wameanza zamani. Lutindi ilifunguliwa 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sisi tusione haya kujifunza. Suratun-Nisaa, aya ya 36, inatuamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali, wala haikuweka sharti la dini. Lakini tunashona magauni, tunapaka hina, tunahesabu vyombo, na hatuulizi nani anaumwa nyumba ya pili.

Bi harusi, fungate likiisha, piga hodi kwa jirani, sahani mkononi. Awe Mwislamu, awe Mkristo. Hiyo nayo ni ibada.