Verni Wakati wa Mvua

Toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, huku Lubumbashi na Likasi hewa iko na maji mingi, na fundi wa mbao analalamika: verni ya jana ingali inanata. Mwenye kitanda naye amesimama mlangoni, anataka mali yake.

Verni ya mafuta inakauka mara mbili. Kwanza diluanti inaruka, kisha mafuta inakamata hewa na kuwa ngumu. Ukipaka nene, juu inafanya ngozi, chini inabaki mbichi siku mingi. Basi paka nyembamba. Fungua madirisha upepo upite, lakini vumbi ya barabara isiingie. Jua kali ya saa 6 inaleta malengelenge tu. Na mbao yenyewe ikiwa mbichi, unafanya kazi ya bure.

Mbele ya kupaka mara ya pili, jaribu na papiye laini ya kusugulia. Ikitoa unga mweupe, endelea. Ikinata kama gundi, ngoja.

Na mbabula? Wengine wanaiwasha ndani na kufunga mlango ili verni ikauke mbio. Hapana, wapendwa! Mvuke wa diluanti unakamata moto, na gazi ya makala isiyoonekana inaua watoto waliolala chumba cha pili. Vitambaa vyenye mafuta ya lini navyo visirundikwe, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze inje, kimoja kimoja.

Mwenye kitanda umwambie arudi kesho kutwa.