Mashini ya zamani ya koperative isitupwe bado

Siku ya 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashini itaendelea kuwaka, lakini kwa kawaida matundu mapya ya usalama hayazibwi tena. Windows 11 nayo inakataa mashini nyingi za zamani. Njo maana koperative zingine zinawaza kutoa feza ya mbegu zinunue mpya. Sisi hatukubali.

Kwa kuandika mapokezi ya kahawa, listi ya wanamemba na ripoti, Linux Mint inatosha. Ni ya bure, inatembea hata na RAM ya giga 4, na virusi vingi vya ku fleshi vilitengenezwa kwa Windows. LibreOffice inafungua mafaili ya Excel, ila yenye makro mara zingine yanaharibika. Kontabli mwenye programu ya Windows tu abaki nayo, tusimusumbue.

Jaribuni kwanza kwenye fleshi, bila kufuta kitu. Fungueni mapokezi ya musimu uliopita, chapisheni ukurasa moja. Mashini ya kuchapisha ikikataa, ngojeeni. Na mbele ya kubadilisha, kopieni yote ku diski ya inje: madeni ya wanamemba mara mingi hayaandikwi pengine.