Diski Mpya Ikigoma Kuwaka, Usikubali ya Zamani Ifutwe

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo viwavijeshi vitusubiri kidogo. Nataka tuzungumzie kompyuta za maduka ya pembejeo na ofisi za vikundi, maana msimu wa kukopeshana mbolea umekaribia na madeni yote yamo humo.

Kompyuta iliyotumika ikizeeka inakuwa nzito, na mafundi wengi hushauri ufunge diski ya SSD. Ni ushauri mzuri, nami nauunga mkono. Shida huanza baada ya kufunga: unawasha, skrini inakuwa nyeusi, maandishi meupe yanasema "No bootable device". Hapo ndipo mtu huambiwa mazabodi imekufa, anunue mashine nyingine. Na wakati huohuo diski ya zamani imeshafutwa ili itumike kwingine.

Msimamo wangu ni huu: diski ya zamani isiguswe mpaka mpya iwe imewaka na umefungua daftari lako la madeni ukaliona kwa macho yako. Ujumbe ule hausemi kwamba kuna kitu kimekufa. Unasema kompyuta imetafuta pa kuanzia na haikupata. Na namna rahisi ya kujua kama mashine ni nzima ni kuirudishia diski yake ya zamani. Ikiwaka, basi hukumu ya mazabodi imefutika. Ukiwa umeshaifuta, utathibitisha kwa nini?

Mara nyingi sababu ni ndogo. Diski mpya hutoka dukani tupu, kama ghala ambalo halijaingizwa gunia hata moja. Lazima Windows iwekwe humo, au inakiliwe yote kutoka diski ya zamani. Kunakili mafaili peke yake hakutoshi. Kuna kijisehemu kilichofichwa, mara nyingi cha MB 100 hivi, ambacho ndicho kinachoamsha kompyuta. Kikiachwa nyuma, haiwaki.

Kama Windows imo na bado inagoma, zima, washa tena huku ukibonyeza F2, F12, Esc au Delete, kutegemea aina ya mashine, uingie kwenye BIOS. Tazama kama jina la diski mpya lipo. Likiwepo, iweke ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia. Angalia pia kama mtindo wa kuwasha, UEFI au Legacy, ndio uliotumika wakati Windows inawekwa. Jina lisipoonekana, chomoa umeme, kaza nyaya. Kompyuta ya mezani ina waya wa umeme na waya wa data, na mmoja ukilegea tu kazi imesimama. Zile SSD nyembamba zinazofanana na kipande cha jojo zina aina mbili, SATA na NVMe, na mashine nyingine hupokea aina moja tu. Uliza kabla ya kulipa.

Sisi tunaokatikiwa umeme kila mara tuangalie pia betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, CR2032, yenye volti 3. Ikiisha, kompyuta husahau mipangilio yake kila umeme unapokatika. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi miaka mingi nyuma. Leo fundi anarekebisha, kesho umeme unakatika, ugonjwa unarudi, na lawama inaangukia SSD isiyo na kosa.

Najua wapo watakaosema diski ya zamani ni pesa, kwa nini ilale kabatini? Wengine huitoa kama sehemu ya malipo ya ufundi. Mimi naona bei yake haifikii hata deni la mkulima mmoja aliyechukua mifuko mitatu ya mbolea, na ukiitoa ikiwa na majina ya watu na madeni yao, umewatoa na wao pia. Ifunge kwenye bahasha, andika tarehe, itunze hadi mavuno.

Ila kama ilitolewa kwa sababu inagongagonga, usiiwashewashe kwa majaribio. Kila ukiiwasha inaweza kuharibika zaidi. Hiyo fundi anakili kwanza daftari la madeni kwenye flashi, ndipo mhangaike na SSD.