Tawi Lisisubiri Mtandao
Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi intaneti ikawa ya kubahatisha. Mteja amesimama kaunta, pesa mkononi, kiduara kinazunguka tu kwenye kioo cha kompyuta. Hilo halikubaliki. Kila tawi liwe na hifadhidata yake papo hapo dukani, liuze, litoe risiti, kumbukumbu zipange foleni hadi mtandao urudi. Ila kuna mtego unaowaponza wengi. Tuseme ghala la pamoja lina mifuko 40 ya saruji. Tawi la Kariakoo limeuza 12, likaandika imebaki 28. La Morogoro limeuza 5, likaandika 35. Mtandao ukirudi, aliyetuma mwisho, hapa Morogoro, anafuta hesabu ya mwenzake, na kompyuta inaonyesha mifuko 35 wakati ghalani ipo 23! Matawi yatumiane mauzo yenyewe, “nimetoa 12”, “nimetoa 5”, na salio lipigwe baadaye. Namba za risiti nazo zianze na herufi ya tawi, zisigongane. Saa ya kompyuta pia isiaminiwe sana, maana kibetri chake kikifa, mauzo ya leo yanaweza kuandikwa kwa tarehe ya miaka iliyopita. Ndugu mwenye duka, kabla hujailipia programu yoyote, mwambie fundi achomoe waya wa intaneti mbele yako, kisha muuze mfuko mmoja.