Swali Lianzie Malishoni

Kabla ya uhuru, Shinyanga ilikuwa na kituo cha utafiti wa mbung'o kilichojulikana duniani. Aliyekiongoza, C. F. M. Swynnerton, alipata jibu sahihi: mbung'o anaishi kwa kivuli cha pori, na pori likiondoka hana makao. Watu wakashika mashoka. Ndorobo, ugonjwa wa ng'ombe anaoueneza mbung'o, ikapungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata. Nasisitiza kwamba jibu lilikuwa sahihi, maana ndilo linalonisumbua. Swali lenyewe lilikuwa dogo mno. Nani aliuliza kuni zitatoka wapi, au ng'ombe hao watakula nini mwezi wa tisa?

Kisha Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu vijijini, ikaja ikawahamisha watu na kuwaachanisha na maeneo waliyoyatunza. Kufikia miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ulianza kwa mazoea ya kitaalamu: vitalu, miche, miti ya kigeni. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipokaa chini na wazee na kusikia neno ngitili. Mvua zikianza, Msukuma hufunga kipande cha malisho. Nyasi husimama hadi kiangazi, ndipo ng'ombe huingizwa. Dagashida, mkutano wa jamii, huweka sheria; sungusungu, walinzi wa kijiji, huilinda. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Mwaka 1986 zilihesabika hekta 600 hivi za ngitili. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita 350,000, katika vijiji 833.

Utafiti wa mwaka 2005 ulioongozwa na Gerald Monela ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa wastani wa dola 8.50. Mambo madogo kama kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea yalihesabiwa. Hasara pia ilihesabiwa, ya wanyamapori waliorudi na kuvamia mazao.

Toleo hili tunaliandaa tukiutazama mgodi wa Buzwagi, Kahama. Mgodi ule ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Miaka kumi na miwili! Waliokuwa wakifuga na kulima kandokando yake wangali wanafuga na kulima.

Kwa hiyo waandishi wetu tumewaomba kila makala ianze na swali lililotoka kwa mwenye jembe au mwenye fimbo ya kuchungia. Maswali mengine hayapendezi. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Asiye na ng'ombe anafaidika vipi na uzio wa jirani? Kahama inapanuka na inataka mkaa. Nani atamzuia kijana mwenye shoka na njaa? Na mama anayetembea na mzigo wa kuni kichwani, katika kikao cha dagashida anakaa wapi?