Watumishi wa Udongo

Akina mama wapenzi, ugali tunaousonga hapa Pwani mara nyingi ni wa mahindi ya Kitale. Basi udongo wa huko hauko mbali na vyungu vyetu.

Katika mahindi ya Kitale na miwa ya Bungoma hunyunyizwa atrazini, dawa ya magugu ambayo Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2004 kwa kuhofia maji ya ardhini. Lakini Mola hakuiacha ardhi bila watumishi. Mwaka 2009 wataalamu walieleza juu ya bakteria waliopatikana katika udongo wa shamba la miwa nchini Kenya, ambao huivunjavunja dawa hiyo na kujilisha kwayo.

Viumbe hao hutaka hewa, unyevu na mboji. Tuwausie jamaa zetu walioko bara: warudishe samadi shambani, wasichome mabua, wapunguze dawa. Wala tusighurike, kwani si kila sumu huliwa. Madini ya risasi yaliyowadhuru wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, hakuna bakteria awezaye kuyamaliza.

Ardhi ni amana. Aichafuaye kwa kutegemea vijidudu vimsafishie, amekwisha kuihini.

Wallahu aalam.